Pipa la Fimbo kwa Wahu

Kuna watu husafiri kwenda kuona bahari. Mimi siku yangu ya off nilitoka Kitengela asubuhi, peke yangu, kwenda Kajiado kula maharagwe.

Mama alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Ajwang, kwani hapa Kitengela maharagwe yameisha?"

"Yapo, lakini hayanijui."

Akatema povu kwenye maua yake. "Mtu ameacha diploma katikati, sasa anachagua maharagwe kama waziri."

Mama ni mwalimu. Viboko vilipopigwa marufuku shuleni, vyake alivihamishia kwenye ulimi. Nikatoka, maana diploma yenyewe ilikuwa ya hoteli na upishi, katika chuo kimoja pale Kajiado, na nusu yake ingali huko. Atakayeiokota ana ruhusa ya kuimalizia. Chuoni walinifunza kukunja kitambaa cha meza kikawa bata. Kumlisha mtu mwenye njaa nilifunzwa ng'ambo ya barabara, kwa Wahu, mama ambaye maishani mwake hajawahi kukunja kitambaa kikawa kitu kingine.

Wahu alifika Kajiado miaka ya tisini akitoka Nyandarua, juu ya lori la viazi lililoendeshwa na mumewe, Maina. Maina alimshusha karibu na soko la mbuzi pamoja na mtoto wao mmoja, Ngigi, na magunia mawili, akasema anarudi kuchukua viazi vingine. Viazi hivyo havijafika mpaka leo. Wahu hulisimulia jambo hilo akisukuma chapati, bila kupunguza mwendo: "Alienda kutafuta waru, akapata mama mwenye shamba ya waru. Mtu akipata duka ya jumla, atarudi kwa rejareja kufanya nini?"

Alianza na chai ya chupa na mandazi, katikati ya mbuzi. Wazee wa Kimaasai waliokuja kuuza mifugo walimpita kama kigingi. Siku moja muuza maziwa aliyeitwa Namunyak akaonja chai ile, akameza kwa shida, akamwambia, "Hii ni maji ya kuosha kikombe." Kisha akakifungua kibuyu chake, akamwongezea maziwa. Urafiki wao ulianza kwa tusi, ndiyo maana ulidumu. Namunyak alimfundisha supu ya kichwa na miguu ya mbuzi, inayochemshwa na magome ya mti wa okiloriti mpaka iwe nyekundu kama udongo wa Isinya. Alimfundisha kwamba mwanamke akiamkiwa "takwenya" huitikia "iko". Na alimfundisha habari ya fimbo.

Mzee wa Kimaasai hatembei bila fimbo yake, na fimbo hiyo si mwavuli. Haitupwi chini, haiachwi nje. Ukimwambia mzee aiache kwenye vumbi, umemwambia ajiache yeye mwenyewe kwenye vumbi. Basi Wahu alipopata chumba chake cha kwanza cha mabati, kabla hajanunua meza ya pili, alitafuta pipa la mafuta, akalikata nusu, akaliosha kwa majivu siku tatu, akaliweka mara tu unapoingia, mkono wa kulia. Mzee akiingia, anasimamisha fimbo yake humo, anakwenda kuketi. Wahu alikuwa hahitaji kutoka jikoni kujua nani yupo. Alichungulia pipa. Ile yenye pete ya shaba ni ya Ole Katoo, huyo hapendi kitunguu. Ile iliyopinda ni ya shemeji yake, huyo atataka supu mara mbili. Mimi nililiita pipa hilo rejista. Walimu wangu walikuwa na kompyuta na bado hawakujua nani hayuko darasani.

Sheria yake nyingine ilikuwa moja tu. Kwake mtu hali peke yake. Ukija peke yako, anakuonyesha kiti mbele ya mtu usiyemjua: "Kaa na mtu." Siku yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, macho yamevimba kwa kulilia nyumbani, na aliniweka mbele ya Mzee Katoo. Mzee huyo alikula mbele yangu wiki tatu bila neno. Wiki ya nne akasukuma mbavu moja kwenye sahani yangu akasema, "Kula. Unakula kama ndege ameona paka." Tangu hapo sikuwa mgeni Kajiado.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyafuata, miaka minne baadaye, nikishuka mjini saa nne na nusu, siku ya soko, tumbo tupu kwa makusudi.

Sikuona bango la Wahu. Mahali pake palikuwa na herufi za dhahabu: W & N BISTRO. Mlango wa kioo. Vigae vyeupe kutoka kizingitini mpaka kiunoni mwa ukuta, kama bafu ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Na kando ya mlango, nje, niliona kitu nikakitambua taratibu, kama unavyomtambua rafiki aliyevalishwa suti kwa lazima. Pipa. Lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu, likajazwa kokoto nyeupe, na katikati yake likasimikwa mnazi wa plastiki. Mnazi, Kajiado. Hapa bahari tunaisikia kwa redio.

Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la vyuma, wazee watano walikuwa wamekalia kreti, fimbo katikati ya magoti, wakila mandazi ya ndoo. Mmoja alikuwa Katoo. Nilivuka, nikainamisha kichwa, akakigusa kwa kiganja.

"Nakerai, mtoto wangu. Umerudi."

"Nimerudi, mzee. Mbona mko huku na Mama Ngigi yuko pale?"

"Tunakula," akasema, akanionyesha andazi kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari.

Njaa haina subira ya mafumbo. Nikamwacha, nikasukuma mlango wa kioo.

Ndani palikuwa tupu kiasi kwamba nilisikia friji ikipumua. Weita mmoja mrefu, amefungwa tai ya kipepeo shingoni, alinijia akitembea kwa vidole ili asichafue sakafu yake. Kwenye kifua kulikuwa kumeandikwa Wamalwa.

"Karibu, madam. Table ya mtu mmoja?"

Katika nyumba hiyo sijawahi kuulizwa swali hilo. Niliketi hivyo hivyo.

"Niletee chapo madondo, chapati yangu na maharagwe yangu."

"Hatuna, madam. Lakini tuko na bean stew."

"Si ni maharagwe hayo?"

"Ni maharagwe, lakini ya mkebe." Akaona uso wangu. "Inakuja na jani juu."

"Jani la nini?"

Wamalwa aliangalia menyu, akaangalia jikoni, akaangalia dhamiri yake. "Jani tu."

"Bro," nikasema, na nilisema kwa sauti kwa sababu ukumbi ulikuwa mtupu na hasira ilitaka mahali pa kukaa, "nimetoka Kitengela kuja kula mkebe? Kitengela mikebe tunachezea mpira."

"Hiyo mdomo naijua," sauti ikasema kwenye kona.

Nilikuwa nimempita bila kumwona. Wahu alikuwa ameketishwa nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha ngozi cha kuzunguka, amefunikwa shali mabegani, rimoti ya televisheni mkononi. Alionekana kama mgeni wa heshima kwenye harusi ya watu asiowajua.

"Mama Ngigi."

"Ajwang. Umenenepa. Nani anakulisha?"

"Hakuna, ndio nimekuja."

"Basi umekuja siku mbaya." Akazima televisheni, ambayo haikuwa na sauti tangu mwanzo. "Kaa hapa. Usikae pale peke yako kama karani wa kura."

Akanieleza, na alieleza bila kumlaumu mtu. Miaka miwili iliyopita alianguka jikoni. Presha. Ngigi, ambaye sasa ana duka la vigae Kitengela, alikuja usiku huohuo na kulia hospitalini mpaka nesi akampa kiti. Alipoacha kulia akaanza kujenga. Alileta vigae bora vya dukani kwake, akaleta jiko la gesi, akaleta mpishi mwenye kofia, akamnunulia mama kiti. "Mum," alimwambia, "umepika ya kutosha. Sasa wewe ni manager, kazi yako ni kukaa." Jikoni akamkataza kabisa.

"Ni mtoto mzuri," Wahu akasema. "Hiyo ndio shida. Angekuwa mbaya ningemfukuza."

Miezi mitatu baada ya vigae, wateja wakaisha. Kwanza wazee, halafu wanunuzi wa mbuzi waliofuata wazee, halafu makarani waliofuata harufu. Mpishi mwenye kofia naye akafuata wateja. Ngigi akasema ni dunia imebadilika, watu wa soko siku hizi wanataka vitu vingine. Na leo, saa tisa, anamleta mtu anaitwa Githongo, mwenye maduka ya pombe, kupima chumba. Githongo akikipenda, mwisho wa mwezi Wahu anahamia Kitengela kwa Ngigi, na hapa panakuwa chupa kutoka sakafuni hadi darini.

"Na wewe umesema nini?"

"Niseme nini? Mimi niko hapa kwa kiti kila siku, naona. Ole Katoo mwenyewe alikuja, akasimama hapo mlangoni, akaangalia ndani, akageuka akaenda. Miaka ishirini na kitu amekula kwangu." Alikunja shali, akaikunjua. "Labda ni kweli. Labda chakula yangu ilizeeka na hakuna mtu aliniambia."

Nimemsikia Wahu akitukana madalali, akijibizana na maaskari wa kaunti, akimwambia mchungaji wake mahubiri yalikosa chumvi. Sauti hii ndogo sikuwahi kuisikia, na niliichukia papo hapo.

"Leo umekula nini?" nikamuuliza.

Akaangalia pembeni kama mwizi. "Njoo," akanong'ona.

Nyuma, jiko la zamani la mabati lilikuwa bado limesimama. Ngigi aliligeuza stoo. Kati ya maboksi ya vigae, mafiga matatu yalikuwa na moto mdogo wa adabu. Juu yake sufuria kubwa ya maharagwe yaliyoiva, na kando yake nyingine, supu nyekundu yenye magome. Nilifunua kifuniko nikasimama tu, mvuke ukinipiga usoni.

"Kila siku ya soko naamka saa kumi, nachemsha," Wahu akasema. "Mkono haujaambiwa uliachishwa kazi. Jioni napelekea mama za kanisa. Ngigi anafikiria natoka kwenda maombi."

"Hii chakula imezeeka?" nikasema. "Mama Ngigi, mimi ndiye nimezeeka nikiingoja. Hebu ngoja hapa."

Nilitoka, nikavuka barabara. Wakati huu sikuinamisha kichwa.

"Mzee, naomba uniambie ukweli. Chakula ya Mama Ngigi mliacha kwa nini?"

Wazee wengine waliangalia mbuzi ambao hawakuwa wakiuzwa. Katoo alitafuna andazi lake mpaka likaisha, na andazi hilo lilihitaji kutafunwa.

"Nani ameacha?" akasema mwishowe. "Nilienda. Yule kijana mrefu wa kipepeo akanizuia mlangoni. Akasema fimbo ikae nje. Nikauliza nje wapi. Akanionyesha chini, kando ya taka. Nikatafuta pipa yetu. Pipa ikawa na mti." Akanitazama, kama anayenipa nafasi ya kukanusha habari za mti. "Sasa wewe umesoma. Niambie. Fimbo ningeweka wapi?"

"Na hukumwambia mwenyewe?"

"Alikuwa amekaa kwa kiti kubwa, ananiangalia. Hakusimama. Nikajua ni yeye amesema."

Wenzake wanne wakaitikia kwa koo. Miaka miwili, watu wazima, barabara moja katikati yao ambayo kuku huvuka bila kufikiria. Mmoja anaona ametupwa, mwingine anaona chakula chake kimekataliwa, na wote wawili wana heshima nyingi mno hata wasiulizane.

Nilirudi jikoni nikamweleza Wahu, neno kwa neno, pamoja na mti. Alipita karibu nami, akaingia ukumbini, akasimama mbele ya Wamalwa ambaye alikuwa anapangusa meza isiyokaliwa.

"Wewe ulimwambia Ole Katoo aweke fimbo chini?"

"Ni boss alisema, Mum. Zinakwaruza tiles."

"Alisema fimbo, ama alisema fimbo za wazee?"

Wamalwa, ambaye kwao Bungoma pia kuna wazee, aliangalia viatu vyake. "Nilijua si poa, Mum. Lakini nilikuwa nimeandikwa siku hiyo hiyo."

Wahu alivua shali akaitandika kwenye kile kiti, vizuri, kama anayefunika mtu aliyelala. Kisha alitoka nje, akaushika mnazi shingo, akaung'oa. Mnazi ulitoka na kishindo cha kokoto. Akaniangalia, akamwangalia Wamalwa.

"Mnangoja mwaliko?"

Tulilipindua pipa, kokoto zikamwagika kwenye kizingiti cha Ngigi chenye kung'aa, zikaruka hadi barabarani. Watu wa soko walisimama kutazama. Wahu alilibingirisha lile pipa tupu mwenyewe, akivuka barabara, bodaboda zikisimama kushoto na kulia, mpaka mbele ya kreti za wazee. Akaliinamisha ili waone ndani.

"Ole Katoo. Supa," akamwamkia.

"Ipa," mzee akaitikia.

"Miaka miwili unakula mandazi ya ndoo ukiniangalia?"

"Na wewe umekaa kwa kiti ukiniangalia."

"Sikujua. Hii neno haikutoka kwangu. Lakini ilitoka kwa nyumba yangu, kwa hivyo ni yangu, na nimekuja nayo hapa mbele ya watu." Akagonga pipa kwa kiganja, likalia. "Pipa iko wazi. Ukitaka kuja, njoo. Ukikataa, nitakuletea supu hapa hapa kwa barabara, na hizi bodaboda zitafute njia ingine."

Katoo alilichungulia pipa kwa muda, kama anayenunua ng'ombe.

"Mmeipaka rangi ya bibi harusi," akasema.

"Itabanduka."

Mzee akainuka, goti moja baada ya lingine. "Hiyo mandazi," akamwambia, "ilikuwa mbaya sana."

Yaliyofuata yalikuwa kazi. Maharagwe yalihitaji kukaangwa na chapati zilihitaji kuzaliwa. Nilipewa unga nikaukanda. Wahu akabonyeza donge langu kwa kidole, akaniuliza kama chuoni nilisomea upishi au ujenzi. Nikamwambia niliacha kabla hatujafika kwenye unga. Wamalwa alivua kipepeo akakitia mfukoni, akathibitika kuwa anajua kusukuma chapati ya duara kuliko sisi wote. Alikuwa ameficha kipaji hicho miaka miwili nyuma ya menyu. Mnazi tuliusimamisha pembeni mwa jiko, tukauanikia matambara ya vyungu. Hatimaye ukapata kazi.

Pipa likarudi mahali pake, ndani ya mlango, mkono wa kulia. Fimbo ya Katoo iliingia kwanza, ile yenye pete ya shaba, na ilipogonga chini ya pipa Wahu alikuwa ameinamia sufuria, ameupa ukumbi mgongo. Hakugeuka.

"Hiyo haina kitunguu," akasema.

Habari sokoni hutembea kwa miguu minne. Kufikia saa saba, pipa lilikuwa limejaa, na fimbo za ziada zimeegemea vigae. Wanunuzi wa mbuzi wakaja, makarani wakaja. Kila aliyeingia peke yake alisikia sauti kutoka jikoni, "Kaa na mtu," akakaa na mtu. Mimi mwenyewe sikuwa nimekula hata tonge. Nilikuwa nabeba sahani, jasho likinitoka, nikiwa na furaha ya kishari kabisa, ile ya mtu anayetaka saa tisa ifike.

Ikafika. Ngigi aliingia na shati la kupigwa pasi, nyuma yake bwana mnene, mpole, mwenye futi ya chuma mkononi, ile ya kuvutwa. Ngigi alisimama juu ya kokoto. Aliangalia ukumbi, pipa, na mchoro mweusi ambao fimbo moja ilikuwa imeuchora kwenye kigae.

"Mum yuko wapi?" akamuuliza Wamalwa.

"Yuko kazini," Wamalwa akasema, na nilimpenda siku hiyo.

Wahu alitoka akipangusa mikono, unga mpaka kwenye viwiko. Ukumbi ukapunguza kutafuna.

"Mum, daktari alisema usikae kwa moto."

"Daktari alisema nisikae na mawazo. Mawazo yalikuwa kwa hiyo kiti."

"Ukianguka tena?"

"Nitaanguka nikifanya kitu. Nimekaa hapo miaka miwili nikifikiria chakula yangu imezeeka, Ngigi. Unajua hiyo ni presha ngapi?" Hakupandisha sauti. "Watu hawakuacha chakula. Uliwaambia waweke fimbo kwa taka."

"Zinaharibu tiles, Mum. Hizo ndizo nzuri nilikuwa nazo dukani. Nilikuchagulia moja moja."

"Najua. Na ni safi. Lakini angalia hiyo pipa." Akamshika mkono, akampeleka, kama anayempeleka mtoto kusalimia wageni. "Uniform yako ya kwanza ilitoka hapo. Viatu, hapo. Siku ulipelekwa boarding, hizi fimbo zilikuja kwa mlango kukusindikiza. Tiles zimekuja juzi. Sasa nani ataondokea nani?"

Ngigi alilitazama pipa. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa swali na mama yake tangu aanze kumpenda kwa nguvu namna ile.

"Mimi sihami," Wahu akaendelea. "Na jikoni narudi. Ukitaka, niwekee mtu wa kubeba maji, nitakubali, magoti si ya jana. Lakini hiyo kiti uende nayo Kitengela ukaikalie."

Bwana mwenye futi akakohoa. "Mama, mimi ni Githongo. Nilikuja tu kupima."

"Nimesikia. Utapima. Lakini hapa mtu hali peke yake na hapimi peke yake." Akanyoosha mkono, akaichukua ile futi kutoka vidoleni mwake kwa upole ambao haukuwa na nafasi ya mjadala, akaitumbukiza kwenye pipa, katikati ya fimbo. Ilianguka mpaka chini. "Ukitoka utaichukua, kama wenzako. Kaa pale na Ole Katoo."

Githongo alikaa. Sijui mtu ambaye angebaki amesimama. Katoo alimtazama huku akinyonya mfupa.

"Wewe ndio unaleta pombe?"

"Bado, mzee."

"Bado ni neno nzuri," Katoo akasema, akamsukumia bakuli la supu. "Kunywa. Ni chungu kidogo. Ndio maana inafanya kazi."

Kulikuwa na kiti kimoja tu kilichobaki, mbele ya meza ambayo hatimaye nilikuwa nimeketi na sahani yangu. Wahu alikionyesha kwa kidole. "Ngigi. Kaa na mtu."

Akakaa. Shati lake lilinukia duka jipya. Akaletewa chapati mbili na madondo, akayatazama kama barua.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Mteja. Nimetoka Kitengela."

"Umekuja mpaka hapa kula maharagwe?"

"Ukiniuliza hivyo tena nitafikiri wewe ni mama yangu."

Akala. Alianza kwa uma, akaachana nao. Katikati ya chapati ya pili akasema, taratibu, akiiambia sahani, "Sikujua ni fimbo."

"Ungeuliza."

"Nilifikiri nampumzisha."

Nilimsogezea chumvi. Maharagwe yenyewe, kwa wanaotaka kujua, yalikuwa na chumvi pungufu kuliko zamani. Wahu aliyakaanga kwa haraka. Nilikula sahani mbili.

Githongo aliinuka saa kumi na robo. Alisimama kwenye pipa akitafuta futi yake, akihamisha fimbo moja moja kwa heshima, wenye fimbo wakimkodolea macho, mpaka akalazimika kuingiza mkono hadi begani. Wahu alikuwa amesimama karibu, ameshika mwiko.

"Umepima?"

"Nimeshiba, Mama."

"Basi."

Akaifunga futi, akaagana na Ngigi kwa kichwa tu, akatoka juu ya kokoto bila kuuliza kitu kingine.

Ngigi alibaki. Alichuchumaa mbele ya kigae kilichokwaruzwa, akakisugua kwa kidole gumba kilicholambwa, kama wauza vigae wanavyofanya. Mchoro haukutoka. Akasugua tena. Nyuma yake mzee mmoja aliyechelewa soko alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akingoja njia. Ngigi alimwona, akainuka, akasogea upande, akabana fimbo zilizokuwemo pipani kwa mikono yote miwili ili iliyokuja ipate nafasi.